Ruhusa ya Kuchungulia

Msimamizi wa seva katika ofisi yetu ya feri, hapa Hobart, huandika neno lake la siri kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukifunika kibodi, hata akiwa peke yake chumbani. Mafaili yote kayafunga. Hata lile la zamu za kuosha vikombe tunalisoma tu. Kulibadilisha ni yeye. Na kuona programu zinazoendeshwa kwenye seva, usiombe. "Kwani tukizitazama zitaona haya?" Bronwyn wa tiketi alimuuliza siku moja. "Leo utatazama, dada, kesho utazima," alijibu kwa ile sauti yake ya chini, kama muuguzi wa wodini. Seva ikielemewa hutazama yeye, kisha hubandika kwenye mlango wa friji jina la aliyeielemea. Mimi nilikuwa nimeshabandikwa mara mbili.

Jumanne seva ilikwama, foleni ya abiria ikafika barabarani. Nilimpelekea chai, naye hakupata muda wa kuigeuza skrini nisiione. Juu kabisa ya orodha ya programu, ikila karibu nguvu zote za seva, ilikuwa programu yake mwenyewe, aliyoitunga ili kuwanasa wanaochungulia programu za wenzao. Aliizima kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. "Nani tena leo?" Bronwyn akapaza sauti kutoka dirishani kwake. "Nashughulikia," alisema, akafuta miwani. Saa nne tulipokwenda kula keki, karatasi ilikuwa tayari kwenye friji: jina langu, kwa mara ya tatu. Kosa: kuchungulia.