Mwokaji na Uwanja Usiolala

Jumamosi, tarehe 6 ya mwezi wa pili. Mawingu mazito tangu alfajiri, manyunyu ya hapa na pale. Jua lilichungulia saa nne kwa dakika chache, likajificha tena. Siku hiyo mwokaji mikate aliihamisha familia yake: mke, mabinti mapacha wa miaka sita, kabati, meza, vitanda viwili na masufuria ndani ya beseni.

Walikotoka ni vyumba viwili nyuma ya maghala, kando ya barabara ya malori. Kodi ya pale ilikuwa ya kukata maini, lakini maghala yalizuia ngurumo za malori, na mchana palikuwa tuli kama maji ya mtungini, na mwokaji alihitaji utulivu kuliko kitu kingine chochote. Aliingia kiwandani saa tatu usiku, akatoka saa kumi na mbili asubuhi, akalala kuanzia saa mbili hadi saa nane mchana. Mapacha wake walikua wakicheza bila sauti. Mpira wao ulikuwa wa matambara, kwa sababu haudundi. Wakigombana, waligombana kwa kunong'ona, wakafinyana, kisha wakalia huku kila mmoja ameziba mdomo kwa kiganja.

Mtaa mpya ulikuwa nyumba nane zilizozunguka uwanja mmoja wa mchanga. Geti moja, gari halipiti. Shule ni kuvuka kichochoro tu, na kodi haifiki nusu ya ile ya kule. Mke alipopaona alisema neno moja: "Hapa." Mwokaji naye akakubali hapohapo. Kosa lake lilikuwa moja, na asingelifanya mtu wa kazi nyingine. Alikwenda kuikagua nyumba jioni, akiwa njiani kuelekea kazini, saa ambayo watoto wote wameitwa ndani kuoga. Akausifu ule ukimya. Alisahau kwamba usiku wake yeye ni mchana wa wenzake.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alijilaza. Shule ile ilikuwa na zamu mbili, kwa hiyo wa zamu ya mchana walicheza asubuhi, na wa asubuhi wakarudi saa sita kuwapokea. Uwanja haukuwa mtupu hata kwa muda wa kumeza mate. Na goli moja lilikuwa chini ya dirisha lake.

Aliziba masikio kwa pamba, akatundika blanketi dirishani. Mpira ukagonga ukuta, na kikombe kikatingishika mezani.

Siku ya tatu, katikati ya ghasia, alisikia sauti kali kama filimbi: "Nipe mimi! Nimesema nipe mimi!"

"Mtoto wa nani huyo?" akamwuliza mkewe.

"Wako."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo."

Mwokaji alikaa kitako kitandani. Miaka sita, na sauti ya binti yake hakuwahi kuisikia ikipanda. Akasikiliza tena mpaka akaitofautisha na nyingine zote. Kisha akasema, "Usimwambie mtu yeyote hapa kwamba mimi nalala mchana. Wala kazi yangu usiitaje. Wakijua, watawanyamazisha watoto, na wetu ndio watakuwa wa kwanza kunyamaza. Wamezoea."

"Na wewe?"

"Mimi nitazoea."

Hakuzoea. Wiki ya pili alikuwa akitoka na kukaa barazani, shati wazi, macho mekundu, akiwatazama watoto kama mtu anayetazama mvua. Majirani wakimsalimu aliitikia maneno mawili, la tatu likamfia mdomoni.

Alhamisi ya wiki ya tatu alisahau chumvi. Mtu aliyekanda unga miaka kumi na minne, ambaye hupima chumvi kwa kiganja na mizani ikakubaliana naye, alimwaga unga, maji na hamira kwenye mashine, akaiwasha, basi. Msimamizi aligundua alipomega kipande cha kunywea chai, na mikokoteni ilikwisha kuondoka na mikate.

"Mzee, mikono hiyo nimeisifu mbele ya watu," msimamizi alimwambia taratibu, jambo lililomuuma kuliko kufokewa. "Mara hii nimemeza. Ukirudia, utasukuma mkokoteni. Mbele ya tanuri sitakuweka tena."

Alifika nyumbani, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. "Mwisho wa mwezi tunarudi kule nyuma ya maghala."

Mkewe alikuwa akisugua sufuria. Aliendelea kusugua. "Watoto utawaambia wewe," akasema. "Mimi mdomo huo sina."

Alijaribu kulala, akashindwa, akarudi barazani. Ilikuwa kama saa sita alipobishiwa hodi na watu wawili waliokunja nyuso kama waliokuja kuhani msiba. Mmoja alikuwa fundi bomba wa nyumba ya nne. Wa pili alikuwa bibi wa nyumba ya kona, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi wa Kona, na ambaye hakuna kilichoingia getini bila yeye kujua uzito wake.

"Jirani," fundi alianza, akikohoa pasipo kikohozi, "usinielewe vibaya. Mwanamume hupatwa. Mimi mwaka juzi nilikaa miezi minne nahesabu mabati ya paa langu."

"Pole," mwokaji akasema, bila kuelewa.

"Pole yako wewe, kaka. Sasa sikiliza. Nyuma ya zahanati unachimbwa mtaro. Nimemwambia mwenye kazi nina mtu wangu. Sepetu nitakuazima."

"Mtaro?"

"Kazi ni kazi. Kuliko kukaa hapa kutwa na macho hayo, watu wanasema..."

"Wanasema nini?"

Fundi alimtazama bibi. Bibi hakuwa mtu wa kutafuna maneno. "Wanasema usiku unatoka kwenda kunywa, baba. Mimi nimewakatalia. Nimewaambia, mlevi haaniki nguo akalinganisha mikono ya mashati vile. Huyu kazi hana, na aibu ndiyo inayomtembeza usiku."

Ndani, mwiko ulianguka. Kilichofuata kilikuwa kicheko. Mke alitoka ameshika mbavu. "Huyu hana kazi? Bibi, mkate mnaokula kila asubuhi umekandwa na mikono hii!"

"Mkate upi?" fundi akauliza.

"Ule wa karatasi ya buluu."

Fundi alimkazia macho mwokaji. "Wa leo ulikuwa hauna chumvi! Nimekula vipande vitatu nikidhani ulimi wangu una homa. Nimekunywa na dawa!"

Mwokaji alifunika uso kwa viganja. Mabega yakamtetemeka, wakadhani analia, kumbe naye anacheka, kicheko cha mtu asiyelala wiki tatu, kisicho na breki. Alipotulia akawaeleza yote: zamu ya usiku, dirisha, goli, chumvi, na mkokoteni unaomngoja.

"Kwa nini hukusema?" fundi akauliza.

"Sitaki watoto wanyamazishwe."

"Nani awanyamazishe hawa?" Bibi wa Kona akadakia. "Walimu wenye fimbo wameshindwa! Mficha uchi hazai, mwanangu. Unakufa na usingizi, na mimi nina stoo ya nyuma inatazama ukuta. Haina dirisha hata la kupitisha nzi. Nimeweka magunia matupu tu, na kiti cha miguu mitatu."

"Bibi, nitakusumbua."

"Utanisumbua kwa lipi? Unakoroma?"

"Sana," mke akajibu haraka.

"Vizuri. Marehemu mume wangu naye alikuwa hivyohivyo. Nyumba imepoa mno."

"Na mtaro?" mwokaji akamwuliza fundi.

"Nitatafuta mvivu mwingine."

Alasiri ile bibi na mke wa mwokaji walitoa magunia, wakafagia, wakamwaga maji sakafuni, wakaacha mlango wazi pakauke. Kabla hajaondoka kwenda kazini, mwokaji alizungukazunguka chumbani akitafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake.

"Yale ya mwisho wa mwezi," akasema, "watoto umewaambia?"

"Yapi hayo?"

"Basi. Vizuri."

Usiku huo alipima chumvi kwa kiganja, kisha kwa mizani, kisha akamwita mwenzake aje aonje.

Asubuhi yake, Ijumaa, hali ya hewa ikiwa kavu na upepo kidogo, alirudi, akaosha unga kwenye nyusi, akajitwika godoro na kukatiza uwanja mzima mbele za watu. Mpira ulisimama. Fundi bomba, aliyekuwa anatoka na mabomba begani, alipaza sauti: "Mpisheni, mnamchelewesha kazini!" Nyuma ya godoro walimfuata mapacha, wakigombania mto mmoja kwa kelele zilizofika getini. Hakugeuka kuwaamua. Alitandika stooni kwa bibi, upande wa ukutani, akapokea mto uliokwisha kuingia mchanga, akaufunga mlango, akalala hadi saa tisa na nusu. Bibi wa Kona alibisha mara mbili, kisha akaingia kumtikisa bega aamke ale kabla ya zamu.