Nilizima regulator moja mbele ya mama titulaire, Fizi

Wakuu, salamu kutoka Fizi. Haya niliyafanya kwa mikono yangu, na sehemu ya aibu sikuikata.

Nina diploma ya sekondari ya umeme na miguu isiyotulia. Kalemie, Kigoma, Lubumbashi, kote nimefunga mota za watu. Juzi juzi nikakumbuka harufu ya mihogo inayolowekwa nyumbani, nikarudi.

Huku milimani kuna turbine ndogo ya mto inayoendesha mashine mbili za kusaga. Chini yake kuna kituo cha afya, na taa za sola za wodi ya wazazi huchoka mapema. Mimi na wenye mashine tukataka kuvuta waya hadi pale. Mama titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, akakataa.

"Batoto bangu siwezi kubaweka ku machine ya kuzimika-zimika."

Alikuwa na haki. Jenereta inayozungushwa na turbine huhitaji umeme kidogo wa kuamsha sumaku yake. Kisanduku kinachodhibiti umeme huo ndicho regulator. Kikifa, turbine inazunguka bure.

Sisi tulikuwa na viwili: kimoja kazini, kingine kinasubiri kushika kazi chenyewe cha kwanza kikifa. Hicho cha kusubiri hakuna aliyewahi kukijaribu. Nikamwalika mama aje aone nikikizima cha kwanza.

Sasa, mashine isiyo na mzigo haisemi kweli. Nikawaomba akina mama walete mihogo mikavu, mashine zote mbili zisage kwa pamoja. Wakaja na mabeseni kama watu wa harusi.

Nikachomoa fyuzi ya regulator ya kwanza.

Kila kitu kikazima.

Mama mmoja, unga hadi kwenye nyusi, akaniuliza taratibu: "Papa, ile ya pili iko wapi? Ao iko nalala?"

Wakaangua kicheko. Mama titulaire hakucheka. Alikaza kitenge chake aondoke. Nikamwomba saa moja tu.

Nikafuata waya kwa kidole. Aliyefunga kabla yangu alilisha regulator zote mbili kwa fyuzi moja. Mimi nami nilisoma lebo ya kisanduku tu, sikukifungua. Nikaipa kila moja fyuzi yake na waya wake, huku nyuma yangu wakisema, "Mumuache, ni papa diplôme."

Mashine zikanguruma tena. Nikachomoa.

Taa ya chumba cha mashine ikakonyeza kidogo, ikatulia. Unga ukaendelea kumwagika.

Mama titulaire akakunja mikono. "Basi, utaanza saa ngapi?"

Nikamwonyesha fyuzi kiganjani. "Nimeshamaliza, mama."

Akaitazama, akaitazama na taa. "Rudisha. Mi mwenyewe nitaitoa."

Aliichomoa mara tatu, kila mara akicheka zaidi, mpaka akina mama wakamwomba awaache wasage. Wiki iliyofuata waya ulifika wodini.

Nilichojifunza: akiba inayokula sahani moja na mwenye kazi si akiba, njaa itawapata wote. Ijaribu ikiwa na mzigo, mbele ya mtu asiyekuamini.

Mliowahi kuaibishwa na backup, semeni ilikuwaje. Mafundi wakubwa, nisahihisheni. Nikichelewa kujibu, nipo kituoni: mama titulaire sasa anataka na friji la chanjo liunganishwe leo hii.