Friza mbili, kofuli moja, na kinyama cha marehemu mke wangu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba. Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, anayetaka niape nitaapa. Shule niliishia njiani, herufi zikipinda mninyooshee.

Mimi ni mlinzi kwenye maabara moja hapa Tanga. Jina lake msiniulize, bado nakula hapo.

Marehemu mke wangu, Mama Mwanahamisi, aliugua saratani ya titi. Mtoto wa Pangani yule. Bada lake, ule ugali wa muhogo, ukilionja unasahau ulikokuwa unakwenda... haya, tuyaache.

Kabla hajafa, wataalamu walimwomba kipande cha uvimbe wakakichunguze. Akaniambia, "Baba Mwanahamisi, waache wakate. Mama alikufa nayo, na mimi ninayo. Labda watamwambia mwanangu ajihadhari vipi."

Kinyama kikawekwa kwenye friza palepale ninapolinda. Nikipita korido ile nilikuwa naitikia salamu peke yangu.

Sasa friza zenyewe si hizi za lambalamba. Ukishika chuma chake bila glavu, ngozi inabaki. Zililetwa mbili, watumie wote. Lakini watu wetu mnawajua, pale hata birika la chai lina mwenyewe. Ile ya pili, watu wa mradi mwingine wakaipiga kofuli.

Ijumaa moja mchana friza ya saratani ikafa. Umeme upo, na ya pili inanguruma vizuri ubavuni pake.

Neema, binti wa maabara, akampigia mwenye ufunguo. Kumbe yuko harusini Muheza, ngoma inasikika mpaka kwenye simu.

"Dada, friza ile ni ya mradi wetu. Mkichanganya vitu vyenu humo, nani atajibu? Subirini Jumatatu."

Nikamwendea mkuu wetu. "Daktari, nilivunje hilo kofuli?"

"Mzee Bakari, ukivunja umevunja wewe. Mimi simo." Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Neema akakimbilia soko la samaki kuleta barafu, tukafunika. Wakuu, barafu ya vibua! Baridi inayotakiwa haikuikaribia hata kidogo. Vipande vyote vya wagonjwa vikayeyuka, vikaharibika.

Jumatatu jamaa wa ufunguo akaja, pilau bado limemkaa usoni. Akafungua kofuli lake.

Tupu.

Ukoga wa barafu tu ukutani. Mradi wao ulishaisha zamani.

"Tulikuwa tunashikilia nafasi," akasema.

"Nafasi ya nani?" nikamuuliza.

"Mzee, rudi getini."

Nikarudi getini.

Wagonjwa walio hai wataombwa vipande vingine. Wangu nikamfukue?

Nilichojifunza ni hiki: mkiona mtu anaweka kofuli lake kwenye kitu cha wote, gombaneni naye siku hiyohiyo. Msichekeane. Sisi tulichekeana.

Neema hazungumzi tena na mtu pale kazini ila mimi. Daktari ananisalimu kwa kupiga honi.

Mwanahamisi anakaa Usagara. Kila akija kunitazama ananiuliza, "Baba, wale wameshaona kitu kwa mama?" Namjibu bado wanatazama. Juzi kaja na bintiye, kauliza tena, nikajifanya naongeza sukari kwenye chai.

Wakuu, nyie mliosoma, nimwambieje? Andikeni hapo chini. Hata matusi nitayasoma.