Tulipokuwa Tukitungiana Sindano

Watu wakiniuliza kazi yangu ya zamani, huwajibu kwamba nilikuwa nikishona kofia, nao huona wamenielewa. Hawajaelewa kitu. Kofia hata leo mtu anaweza kushona, peke yake chumbani, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa na pa kwenda kila asubuhi, na pahala hapo hapapo tena.

Tulikuwa wanawake saba katika ukumbi wa chini wa nyumba moja ya Malindi, Unguja mjini, tumekaa mkekani, migongo ukutani. Tulishona kofia za viua, zile zenye tundu ndogondogo zinazotobolewa kwenye bafta, kitambaa cheupe cha pamba, kisha kila moja ikazungushiwa uzi. Mimi ndiye niliyegawa kazi na kuikagua, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko mkasi.

Palikuwa na ada moja ambayo hakuna aliyejua ilianza lini. Asubuhi, kabla mtu hajatoboa kiua cha kwanza, ulimtungia uzi jirani yako wa kushoto sindano zake za kutwa, ukapiga fundo mwisho wa uzi, ukamchomekea kwenye kitambaa chake. Zako alikutungia wa kuliani. Mkubwa wetu kwa umri, tuliyemwita Bi Mkubwa, hakutunga. Yeye aliwakatia wote nyuzi na kuzipitisha kwenye nta. Na katika kutunga huko ndimo mlimokuwa na maneno yote: nani kalala na njaa, nani kagombana na mumewe, nani ana mimba na anaificha. Ukimnunia mwenzio hata usimtungie, kila mtu aliona, na mlipatanishwa kabla ya chai.

Baada ya Mapinduzi mwenye nyumba aliondoka, na nyumba ikapewa watu wengine. Tuliambiwa kwa adabu tuhame, tukahama kwa adabu. Mwenye duka aliyekuwa akitununulia kofia alisema hakuna lililoharibika, kila mtu ashone kwake, kazi ni ile ile. Nilitamani kumrushia mkasi. Watatu walikwenda Ng'ambo, mmoja Amani, mmoja akarudi kwao Matemwe, na Bi Mkubwa akahamia kwa mwanawe, shamba, upande wa Kizimbani. Mimi nikabaki mjini na furushi la bafta.

Nikaapa kwamba nyumba imekwenda lakini ada haitakwenda. Kila wiki nilizunguka na kazi, na pamoja na kazi nilichukua sindano: za wa Amani zilizotungwa na wa Ng'ambo, za wa Ng'ambo zilizotungwa na mwenzake. Wa Matemwe nilimpelekea zake kwa gari la shamba. Nilichukua na maneno pia, nikiyamwaga kila mlango niliofika. Mwanzo walicheka, wakafuata. Nikawa mimi ndiye ukumbi, ninatembea kwa miguu.

Haikudumu. Wa kwanza kuniambia wazi alikuwa yule wa Amani. "Dada, mimi nna macho yangu na mikono yangu. Nyuzi zanifikia zishajisokota, nazikata, natunga upya. Kisa nini?" Alisema kweli, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Wa Matemwe alinirudishia bafta vile vile ilivyokwenda, na salamu kwamba kamba za usumba wa nazi anazosokota zinamlisha vizuri zaidi. Wa Ng'ambo hawakusema neno. Walianza tu kunipokea mlangoni, furushi likiingia na mlango ukifungwa. Mama mkwe wangu aliniambia fimbo ya mbali haiui nyoka. Sikuwa na nyoka wa kuua. Nilitaka watu wangu.

Ningeacha siku hiyo hiyo, lakini alikuwapo Bi Mkubwa. Macho yake yalikuwa yamekwenda siku nyingi, na katika ukumbi ule hakuna aliyepata kulitaja. Kiua alikishona kwa ncha za vidole, kizuri kuliko vyetu. Asichokiweza ni kupitisha uzi tunduni, na hilo kwetu hakuna aliyekuwa akijifanyia. Huko shamba mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa mwema wa kupindukia: hakumwachia kushika chungu wala ufagio. Kofia ndiyo iliyokuwa ikimfanya Bi Mkubwa awe mtu mwenye shughuli zake. Wakijua kwamba haoni, wataiondoa mikononi mwake kwa huruma, wamkalishe mkekani angoje kulishwa.

Basi nikawa ninazitunga zote mimi. Nilimpelekea kila nilipopata gari, nikimwambia hizi kazitunga wa Amani, hizi wa Matemwe, wanakusalimu sana. Akipokea, akiwaombea dua. Nyumbani nilikuwa nikitunga huku nalia, maana hata mimi wangu wa kuliani hakuwapo.

Pakaja kipindi magari yakawa ya shida, nikachelewa sana. Nilipofika nilimkuta kizingitini, kainamia kofia, mkono unapanda na kushuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha kushona. Nilipokaa karibu yake niliona kwamba sindano haina uzi. Nyuzi zilikuwa zimemwishia zamani. Alikuwa akishona hivyo hivyo, kutwa, ili mkwewe akipita uani aone ana kazi.

Nikaichukua ile sindano, nikaitunga, nikamrudishia. Akaupapasa uzi mpaka mwisho, akalishika fundo.

"Kila mkono una fundo lake," akasema. "Hizi zote ulizokuwa ukiniletea fundo ni moja. Lako."

Akanigeuzia uso.

"Wenzio wako wapi, mwanangu?"

Nikamwambia kweli yote: kwamba ukumbi haupo, umebaki kwangu na kwake tu. Nikamwambia pia kwamba mimi nitamtungia maadamu niko hai, wallahi, asiache. Nilimsihi kama mtoto, na sikuona haya.

"Mimi nlikuwa nnakwenda kazini," akasema. "Nawakatia nyuzi, nanyi mwanitungia. Sasa unanitungia wewe na mimi simkatii mtu. Hiyo si kazi, hiyo ni sadaka."

Akaikunja kofia ile, nusu yake imetobolewa tundu tupu zisizo uzi, akaniwekea mapajani.

Mkwewe akaita kutoka uani kwamba chakula tayari. Siku zote Bi Mkubwa alikuwa akijibu angojewe, ana kazi mkononi. Siku ile aliitika naam, akanyoosha mkono mbele yake ashikwe. Yule mwanamke akaja mbio, akamshika na kumwinua, uso umemjaa furaha.