Mheshimiwa Dereva wa Basi

Bernadine Plourde aliingia bungeni kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Bunge la jimbo letu la New Hampshire, huku Marekani, lina viti mia nne, na mshahara wake ni dola mia moja kwa mwaka, kwa hiyo watu hawakanyagani mlangoni. Mwaka ule hakuna mtu wa mji wetu wa Alder Notch aliyejaza fomu ya kugombea, basi siku ya uchaguzi tukaandika jina lake kwa mkono kwenye karatasi za kura. Tulimtuma kwa jambo moja tu: asikubali watufungie shule.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule, na alikuwa ameifanya miaka thelathini na moja. Nusu ya watu wa mji huu amewafunga zipu za makoti. Ana sauti nene, hana subira, na akikupenda ndipo anakugombeza zaidi. Wiki yake ya kwanza bungeni, mwenyekiti wa kamati ya elimu, Mheshimiwa Dwight Sleeper, alijaribu kumkatiza akizungumza.

“Dwight, tulia,” akamwambia mbele ya kamati nzima. “Ulipokuwa darasa la pili mimi ndiye nilikuwa nafuta matapishi yako.”

Dwight akatulia. Habari ilifika kwetu kabla yake, tukacheka mpaka Jumapili.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule yenyewe. Tulikuwa na watoto kumi na mmoja, mwalimu mmoja, na jiko ambalo nilikuwa nalijua kuliko la nyumbani kwangu. Muswada uliokuwa bungeni ulisema shule yoyote yenye watoto chini ya kumi na watano ifungwe, na watoto wapelekwe kwenye shule kubwa iliyo karibu. Kwetu hiyo ilikuwa Fenwick, dakika arobaini kwa basi. Jumamosi moja tulikusanyika kanisani kula maharage kama kawaida yetu, Bernadine akapanda juu ya benchi na viatu vyake vya theluji.

“Anayetaka kuifunga shule hii,” akasema, “aanze kwa kulala mbele ya basi langu!”

Tulipiga makofi, na mimi nikamwongezea maharage.

Januari, asubuhi moja, nilikuwa nimekaa kwenye basi nyuma yake kidogo, maana nilikuwa naenda naye kazini. Kiti cha mbele alikaa Tamsin Colby wa darasa la tano. Ninaposema darasa la tano, namaanisha yeye peke yake. Waliomfuatia kwa umri walikuwa mapacha wa darasa la pili.

“Bi Plourde, ulizaliwa mwaka gani?” Tamsin akauliza.

“Unataka kuuandika kwenye kaburi langu?”

“Hapana. Mwalimu amesema niandike habari za rafiki yangu mkubwa.”

Nilicheka. Bernadine naye akacheka, akautaja mwaka, Tamsin akauandika kwenye daftari. Kisha basi likapita nyumba ya kina Hurd bila kusimama, na wale mapacha wakabaki kwenye theluji wanapunga mikono. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kumwacha mtoto. Alirudi nyuma kuwachukua.

Siku ya kura, Februari, alitupeleka watu wanne Concord, bungeni, kwa gari lake mwenyewe. Tukakaa juu, kwenye viti vya wageni. Wabunge hubonyeza kitufe mezani, kijani cha kukubali na chekundu cha kukataa, na majina yote yanawaka ukutani. Jina la Plourde likawaka kijani.

“Amekosea kitufe,” nikawaambia wenzangu. “Macho hayo ya uzee.”

Muswada ukapita kwa kura moja.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa nje. “Bernie, nenda kawaambie umekosea!”

“Sikukosea.”

“Umetuuza, basi.”

“Yule mtoto ana miaka kumi, Rhoda. Rafiki yake mkubwa ni bibi wa miaka sitini na saba mwenye magoti mabovu. Wewe unaona sawa?”

“Na kazi yangu je?”

“Nimeifikiria kazi yako tangu ile siku. Nimekosa usingizi kwa ajili yake. Lakini wewe ni mtu mzima.”

Tulirudi kwa gari lile lile, mwendo wa saa mbili, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa yeye, kuuliza nani anataka kwenda chooni. Mji ulimsusa. Kwenye maharage ya Jumamosi alikaa peke yake kwenye meza ya watu wanane, akala, akaosha sahani yake, akaja tena Jumamosi iliyofuata. Nampenda yule mwanamke, na miezi miwili nilimchukia kweli kweli, sisemi uongo. Aprili nikachoka, nikaenda kukaa mbele yake. Akanigombeza kwamba nimekonda.

Juni shule yetu ikafungwa, na Agosti nilipata kazi jikoni Fenwick. Niko tena kwenye basi lake, kwenda na kurudi, na nalalamika njia nzima.

Wiki za kwanza Tamsin alikaa kiti cha mbele. Oktoba, Jumatatu moja alasiri, alipanda basi pale Fenwick akiwa anacheka na wasichana watatu wanaoshuka njiani, akapita moja kwa moja mpaka nyuma. Hakugeuza hata shingo.

“Mtoto hana adabu yule,” nikasema. “Hajakusalimia.”

Bernadine alikuwa anamtazama kwenye kioo, macho yamemjaa maji.

“Ndicho nilichopigia kura,” akasema, kisha akawafokea wa nyuma wakae vitini, akaondoa basi.