Goti la Kocha Mbrazili

Kireno nilikipata Nampula, ambako marehemu mume wangu alifanya biashara, na baada ya kumzika nilirudi nacho Dodoma bila kutegemea kwamba kingenifaa tena. Nilikuwa nakaa kwenye duka la vitambaa la kaka yangu. Asubuhi moja katibu wa timu ya mpira aliingia akiwa na mwanamume mrefu mwenye mvi, amevaa kaptura na soksi zilizovutwa hadi magotini.

"Shikamoo mama," katibu alisema. "Huyu ndiye kocha wetu mpya, ametoka Brazili. Tulidhani anajua Kiingereza, kumbe ni Kireno tu, na tumeambiwa wewe unakijua."

Nikamsalimia kwa Kireno. Akaketi kwenye benchi la wateja akaanza kuongea, akaongea mpaka katibu akaniuliza anasema nini.

"Anasema tangu ashuke kwenye ndege hajaelewana na mtu."

Kaka yangu hakupenda niwe mkalimani wao. Sisi ni watu wa mji, wafanyabiashara tangu babu zetu walipofika na misafara, na hakuona dada yake mjane anatafuta nini kati ya vijana wenye bukta. Alinuna siku kadhaa, kisha akazoea.

Mpira wenyewe nilikuwa siujui. Mazoezini, kocha alilalamika kuhusu washambuliaji kwa neno ambalo kule Nampula lilikuwa na maana ya kizuizi, nami nikawaambia wachezaji kwamba wanakaa mno kwenye kizuizi. Wakaangaliana. Nahodha wao, kiungo mmoja mtaratibu aliyetokea Chemba, akanisogelea na kuninong'oneza: "Mama, nadhani anasema tunaotea." Tangu hapo yeye ndiye aliyenifundisha maneno ya mpira, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kirangi.

Kila siku ya mazoezi gari la timu lilimchukua kocha Nzuguni alikopanga, kisha likanipitia mimi. Humo garini ndimo alimonisimulia maisha yake. Alizaliwa kwenye mji mdogo wa bara, wenye vumbi jekundu na mvua za kubahatisha, mtoto wa fundi mwashi. Klabu kubwa ilimchukua akiwa kijana, akakaa benchi zaidi kuliko alivyocheza, akauzwa Ureno daraja la pili, halafu Angola. Alikuwa kiungo mkabaji, yule anayekimbia ili wengine waonekane. Ukocha aliuanza kwa sababu hakuwa na kingine, na tangu hapo alikuwa amefukuzwa kazi katika nchi ambazo nyingine nilikuwa sijawahi kuzisikia. Nyumbani kwake hakukuwa na mapazia. Nilipompelekea kitambaa alicheka, akasema mapazia ni ya watu wanaokaa.

"Kwetu ni ya watu wenye majirani," nikamjibu. Akayatundika.

Nahodha alikuwa anaumwa goti. Kila mtu alijua. Kabla ya mechi walimchoma sindano, na baada ya mechi alitembea akishika ukuta. Jioni moja, wenzake walipokwisha kuondoka, kocha alimwita kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaniomba nibaki.

"Mama, ananiacha?" nahodha aliniuliza kabla kocha hajafungua mdomo.

"Sijui, mwanangu. Tumsikilize."

Mkalimani husema "mimi" akiwa na maana ya mtu mwingine. Nilikuwa nimezoea, na wachezaji walishaacha kucheka kumsikia mwanamke mwenye ushungi akisema "mimi nilipokuwa nakaba". Jioni ile maneno yalinitoka kwa shida.

"Goti langu lilikufa nikiwa Angola," nilisema. "Nikalichezea miaka miwili baada ya kufa. Hakuna aliyeniambia niache, kwa sababu nilikuwa nawafaa."

Kocha akavuta soksi chini. Goti lilikuwa limepinda kwa ndani, lina mishono juu ya mishono. Akajaribu kuchuchumaa mbele yetu, akashindwa katikati, akashika kabati.

"Tundika daluga," nilisema. "Kaa na mimi kwenye benchi, uwe msaidizi wangu. Unauona mchezo kuliko wote hapa."

Nahodha alifunga zipu ya begi lake. Kisha akasema, akinitazama mimi na si kocha, "Mwambie mimi sijui kazi nyingine."

"Hata mimi sikujua," kocha akajibu.

"Basi mwambie asinichagulie maisha." Akachukua begi lake akaondoka.

Kocha hakumpanga tena. Timu ikafungwa, ikafungwa tena, na mashabiki wakaanza kumwimba nahodha jukwaani. Uongozi ukatuita. Mwenyekiti alianza kwa shukrani ndefu, nami nikawa nazigeuza moja moja, hadi kocha akaweka mkono mezani kunizuia. "Dada, usijichoshe," aliniambia. "Hotuba hii naijua kwa lugha zote." Aliinuka, akawashukuru, akaomba nimwambie daktari wa timu neno moja: asilichome tena sindano goti la nahodha. Nilimwambia. Sijui kama lilimfika.

Kocha aliyefuata alimrudisha nahodha uwanjani, wakawa wanamchoma sindano mpaka msimu ukaisha. Baadaye nahodha alifanyiwa upasuaji. Nilikaa muda mrefu bila kumwona, nikasikia yuko Kongwa kwa ndugu zake waliohamia huko, analima.

Kisha alikuja dukani, akitembea na fimbo. Alinisalimu shikamoo, akaulizia bei ya kitambaa ambacho hakukihitaji.

"Mama," alisema hatimaye, "siku ile yule mzee alisema nini hasa? Nilikuwa na hasira. Nakumbuka goti tu."

Nikamweleza tena, neno kwa neno, nikisema "mimi". Nilipofika pale aliposifiwa kwamba anauona mchezo, aliinamisha uso, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Wakati huo kocha alikuwa amerudi kwao, anafundisha timu ndogo. Namba yake nilikuwa nayo, nikampigia. Alipoelewa nani yuko dukani hakuuliza habari za goti. Aliuliza kama huko Kongwa kuna timu.

"Ipo," nahodha alisema. "Ya vijana. Wameniomba niwasaidie, lakini bado sijawajibu."

"Viungo wangapi?" kocha akauliza.

Nahodha akavuta benchi la wateja karibu na simu. Wakaanza kubishana juu ya viungo, mmoja kwa Kireno na mwingine kwa Kiswahili, nami katikati, nikiwaomba wateja wasubiri kidogo.