Mitoo Tuliyoifukia na Mitoo Tuliyoila

Nilivuka mpaka wa Busia kuja kuolewa Kisoko, upande wa Uganda, na hadi leo Kidhopadhola changu, lugha ya huku, ni cha kubahatisha. Mimi na mama mkwe wangu tulizungumza Kiswahili miaka yote, mimi kile cha shule, yeye kile cha sokoni. Mume wangu alipofariki tulibaki sisi wawili, watoto wangu wanne, na shamba lililochoka.

Mahindi yalifika magotini yakageuka manjano. Katikati yake kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi, kilitoa maua ya zambarau mazuri mpaka wapita njia wakayasifu. Sifa hizo zilinichoma. Shemeji yangu, ambaye kwa mila ndiye mwenye kauli juu ya ardhi ya ndugu yake, alitupa nafasi moja: mavuno yajayo yakishindwa, shamba litapandwa miwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kutuletea chakula.

Bwana shamba alikuja kanisani baada ya ibada akatuambia tupande mitoo kwa mvua za mwezi wa tisa, tungoje ianze kutoa maua, kisha tuikate na kuifukia ikiwa mbichi, ili ioze na mahindi ya mwezi wa tatu yaikute udongoni kama mbolea. Wanawake tukatazamana. Mitoo ni mboga. Pande zote mbili za mpaka hakuna asiyeijua, chungu kidogo, tamu ikipikwa na mlenda. Ilikuwa kama kuambiwa tumwage mchuzi shambani.

Nilipanda hata hivyo. Ikapita kiuno, ikatoa maua ya njano, na wakati huo ghala lilikuwa tupu. Asubuhi niliyotoka na jembe nilimkuta mama mkwe amesimama shambani na kikapu chake. Nilimweleza mara mbili, ya pili kwa ukali ambao wakati ule sikuuonea haya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hii udongo nimezika ndani watoto tatu," alisema. "Hakuna kitu ilinirudishia. Chakula sitazika."

Wa tatu alikuwa mume wangu.

Tukagawana. Nusu ya chini nifukie. Nusu ya juu, iliyopakana na jiko lake, achume. Nilifukia siku nne, na siku mbili kati ya hizo nililia, maana watoto walikuwa wananitazama. Yeye alichuma majani hadi vikabaki vijiti, akavuna mbegu, na vijiti navyo akavitia motoni. Udongo wa upande wake haukuachiwa kitu. Lakini tulikula. Mpaka mwezi wa kwanza tulikula mitoo na ugali wa muhogo, siku baada ya siku, na hakuna mtoto aliyelala njaa.

Mwezi wa tatu tulipanda mahindi nusu zote mbili, na mwezi wa sita shemeji alikuja kutazama. Nusu ya chini mahindi yalikuwa yamebeba, majani yake kijani kilichokolea kuliko nilivyowahi kuona pale. Nusu ya juu ilikuwa manjano, na kiduha kimechanua. Alisimama pale rangi ilipobadilika, akatembea huku na huku. Ya chini akaniachia. Ya juu akaichukua, na miwa ikapandwa mpaka karibu na ukuta wa jiko.

Siku ilipopandwa, mama mkwe alikaa mlangoni akiwaangalia wapandaji hadi walipomaliza.

"Ile nusu mimi nilikula," aliniambia.

Nilikuwa bado na hasira ya shamba. Niliinamia sufuria yangu, nikamwacha na neno lake. Nilijua la kumjibu: kwamba waliokula ni wanangu, na kwamba kila alipopakuliwa alionja matonge mawili matatu kisha akaisukuma sahani upande wao, nami nilimwona. Nilijiambia nitamwambia moyo ukitulia. Miwa ilipokatwa mara ya kwanza, hakuwapo tena wa kuambiwa.